Nyumba Si Yake, Sasa Anauza Nini? Ulanguzi wa Mikataba ya Kupanga Stockholm

Mtu aliyezoea kutafuta chumba Sinza au Umoja ana picha moja kichwani. Unampata dalali, unazungushwa nyumba tatu nne, unaambiwa ulipe kodi ya miezi kadhaa mbele au uweke dipoziti, dalali anachukua chake, unahamia. Ni ghali na inachosha, lakini inaeleweka. Ndiyo maana habari za Uswidi huwachanganya watu, hasa ndugu zetu wanaohamia huko kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania. Wanasikia kwamba Stockholm kuna foleni ya nyumba yenye watu zaidi ya 700,000. Wanasikia kwamba kuna wapangaji wanaouza mkataba wa kupanga, mkataba tu, kwa fedha ambazo kwetu zingeinua nyumba mpaka kwenye bati. Kisha wanasikia kwamba anayenunua mkataba huo anaweza kufungwa jela.

Swali linalofuata huwa lilelile: nyumba si yake, sasa anauza nini?

Jibu fupi ni kwamba anauza tofauti iliyopo kati ya kodi anayolipa na kodi ambayo wengine wangekuwa tayari kulipa kwa nyumba hiyohiyo. Jibu refu linahitaji tuanze na maana ya maneno.

Mkono wa kwanza na mkono wa pili

Waswidi hugawa mikataba ya kupanga kwa mikono. Mkataba wa mkono wa kwanza ni ule ambao mpangaji ameandikishana moja kwa moja na mwenye nyumba, awe mtu binafsi, kampuni au shirika la manispaa. Kwa kawaida mkataba huu hauna tarehe ya mwisho. Mwenye nyumba hawezi kukutoa kwa kuwa amepata anayelipa zaidi, wala kwa kuwa mpwa wake amerudi kutoka masomoni. Lazima awe na sababu inayokubalika kisheria, na mkishindwa kuelewana shauri huenda kwenye baraza maalumu la migogoro ya upangaji. Ukilipa kodi kwa wakati na usiwasumbue majirani, unaweza kuzeekea humo. Kwa mwenye maisha ya kawaida ya mshahara, mkataba huu una usalama unaokaribia ule wa kumiliki nyumba, ila hana deni la benki.

Mkataba wa mkono wa pili ni pale mpangaji huyo anapompangishia mtu mwingine kwa muda, tuseme anakwenda kusoma mji mwingine. Hapa kuna uvumi wa kuondoa mapema: kupangisha kwa mkono wa pili si kosa. Ni halali mradi mwenye nyumba, au baraza, ameruhusu. Kosa huanza ruhusa isipokuwepo, au kodi inapopandishwa kupita kiasi. Mpangaji anatakiwa atoze kile anacholipa yeye, akiacha samani anaweza kuongeza hadi asilimia 15, pamoja na gharama halisi kama umeme na intaneti. Aliyetozwa zaidi anaweza kudai arudishiwe.

Soko la magendo, ambalo Waswidi huliita biashara nyeusi, ni kila kinachofanyika nje ya taratibu hizo: kuuza mkataba wa mkono wa kwanza, kupangisha kwa siri kwa bei ya kuruka, hata kuuza anwani tu ili mtu asajiliwe mahali ambapo haishi. Sisi tunalo neno letu la zamani, ulanguzi, na linafaa kabisa.

Kodi inavyopangwa

Uvumi wa pili ni kwamba serikali ya Uswidi ndiyo inayopanga kodi ya kila nyumba. Iliwahi kuwa karibu na hivyo. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, nchi hiyo haikuwa vitani lakini ujenzi ulidorora na nyumba zikaadimika, hivyo kodi zilifungwa kwa sheria. Hatua ya dharura ikadumu miaka mingi baada ya vita kwisha. Mwaka 1968 uliletwa utaratibu mwingine ambao msingi wake unatumika mpaka leo: kodi iendane na thamani ya matumizi ya nyumba. Maana yake, linalopimwa ni kile mpangaji anachopata. Ukubwa, hali ya jiko na bafu, lifti, utulivu, huduma. Nyumba mbili zinazofanana zitozwe kodi zinazokaribiana.

Anayefikia kiwango hicho si waziri. Ni chama cha wapangaji, ambacho kina wanachama zaidi ya nusu milioni, kikikaa mezani na wenye nyumba. Mfano wa karibu kwetu ni chama cha wafanyakazi kinapojadiliana mishahara na mwajiri. Hakuna anayefurahi kabisa, lakini matokeo yanawafunga wote.

Jambo ambalo utaratibu huu huliona dogo kuliko soko linavyoliona ni mahali nyumba ilipo. Fleti ya vyumba viwili Södermalm, kisiwani katikati ya jiji, penye mikahawa na treni ya chini ya ardhi kila kona, inaweza kuwa na kodi isiyoachana sana na ya fleti kama hiyo kwenye kitongoji cha mbali. Kwa kweli, fleti ya zamani ya katikati ya jiji mara nyingi huwa nafuu kuliko fleti mpya ndogo ya pembeni, kwa sababu nyumba mpya zinaruhusiwa kuanza na kodi ya juu inayoendana na gharama za kuzijenga. Fikiria chumba Upanga kikatozwa sawa na chumba Mbagala. Wangapi wangejipanga?

Sasa weka tarakimu. Nazibuni ili hesabu iwe rahisi, lakini hazipo mbali na hali ilivyo. Fleti ina kodi ya kronor 7,000 (fedha ya Uswidi, moja ni krona) kwa mwezi. Kama ingepigwa mnada, watu wangelipa 13,000. Pengo ni 6,000 kila mwezi, 72,000 kwa mwaka, 720,000 kwa miaka kumi. Anayeshika mkataba huo anashika pengo hilo maisha yake yote. Basi mtu akimwambia, "Niachie mkataba nikupe 300,000," mnunuzi anaona amepata kwa bei nafuu, na muuzaji anaona amepewa fedha bila jasho. Bei zinazotajwa katika kesi za Stockholm hufika laki kadhaa za kronor, na krona moja huwa karibu shilingi 13 za Kenya au shilingi 250 za Tanzania. Piga mwenyewe.

Anachouza, basi, ni pengo. Kuta ni za mwenye nyumba.

Tumewahi kuliona hili

Waliokuwa watu wazima Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji maelezo mengi. Sukari na sabuni zilikuwa na bei ya serikali, na bei ilikuwa nzuri, ila rafu zilikuwa tupu. Mlango wa nyuma sabuni ilikuwepo kwa bei nyingine. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha msako mkubwa dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na watu wakatupa bidhaa usiku ili wasikutwe nazo. Kanuni ni ileile ya Stockholm: bei ikiwa chini ya ile ambayo watu wako tayari kulipa, na bidhaa ikawa chache, mtu aliye karibu na bidhaa anapata kitu cha kuuza ambacho hakukitengeneza.

Tofauti ni kwamba sabuni huisha. Mkataba wa kupanga hauishi. Kila mwezi unazaa pengo jipya, na kwa hiyo ulanguzi wa nyumba una fedha nyingi zaidi na subira ndefu zaidi kuliko ulanguzi wa sabuni.

Hata neno la malipo haya tunalo. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka fremu iliyokaliwa na mwenzake hudaiwa kilemba, fedha ya kumwachia nafasi, mbali na kodi ya kila mwezi. Mumbai jambo hilohilo linaitwa pagdi, na pagdi maana yake ni kilemba kile cha kichwani. Pwani mbili zilizofanya biashara kwa karne nyingi kuvuka bahari ileile, na neno moja kwa malipo ya aina moja. Nimelipenda sana hili tangu nilipolijua.

Na nyumba za kuishi? Wakazi wa Dar es Salaam wanajua kisa cha mpangaji wa nyumba ya Shirika la Nyumba la Taifa ambaye haishi humo. Ana mkataba wa kodi nafuu, kaweka watu wengine ndani, na wanamlipa yeye kodi ya mtaani. Huo ni mkono wa pili usio na ruhusa, sawasawa na wa Stockholm. Upande wa Nairobi, kwa nini hatusikii mikataba ya nyumba za kawaida ikiuzwa? Kwa sababu sheria ya udhibiti wa kodi bado ipo vitabuni lakini inahusu nyumba zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba nyingine zote ziko kwenye bei ya soko. Pengo halipo, hivyo hakuna cha kulangua. Mateso ya mpangaji wa Nairobi yapo kwenye kodi yenyewe.

Biashara inavyofanyika

Muuzaji hawezi kwenda kwa mwenye nyumba na kusema, "Nimemuuzia huyu." Inabidi mauzo yavae nguo ya jambo halali, na nguo inayovaliwa zaidi ni kubadilishana nyumba.

Sheria ya Uswidi inampa mpangaji wa mkono wa kwanza haki ya kubadilishana fleti na mpangaji mwingine akiwa na sababu ya msingi. Familia imepata mtoto, inahitaji chumba cha ziada. Mzee amebaki peke yake, anataka ndogo. Wanabadilishana, mwenye nyumba anaridhia, na akikataa bila sababu baraza linaweza kuruhusu. Ni haki nzuri sana. Inawawezesha watu kusogea bila kurudi mwanzo wa foleni.

Mlanguzi anaingia hapo. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamume mmoja, tumwite Erik, ana fleti Södermalm lakini amekwisha kununua nyumba yake na hahitaji tena kupanga. Mwanamke, tumwite Amina, ana fedha za mkopo na za kuchangiwa na ndugu, lakini hana mkataba wowote wa kubadilishana. Dalali wa gizani anawaunganisha na watu wengine wawili watatu. Kwenye karatasi inaonekana kila mmoja anahamia kwa mwenzake. Kwa kweli yupo mmoja katika mnyororo huo ambaye hahamii popote: anasaini tu, na baada ya muda mfupi mkataba wa mwisho unaachwa. Erik kapata fedha taslimu, dalali kapata chake, Amina kapata ufunguo. Mwenye nyumba kaona fomu za kubadilishana zilizojazwa vizuri.

Njia nyingine ni ya ndoa bandia ya makazi, kama naweza kuiita hivyo. Mnunuzi anasajiliwa kuwa anaishi na mpangaji kama ndugu au mwenza, miaka inapita, kisha inaombwa mkataba uhamie kwake kwa sababu waliishi pamoja. Na ipo njia fupi kuliko zote, mtu wa ndani ya kampuni inayomiliki nyumba kupokea bahasha na kutoa mkataba.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2019 sheria imekazwa. Zamani mnunuzi hakushtakiwa. Sasa kununua nako ni kosa la jinai, na kwa muuzaji, kosa likiwa kubwa, kifungo kinaweza kufika miaka minne. Mkataba wenyewe unaweza kuvunjwa. Anayetaka kubadilishana anatakiwa awe ameishi katika fleti hiyo angalau mwaka mmoja, ili kukata minyororo ya watu wanaopita tu. Kwa hiyo, ndugu, ukiambiwa na mtu wa kwenu kwamba "huku wote wanafanya, ni kama kilemba tu," jua kwamba huyo anakueleza sheria ya zamani, au anakueleza anachotaka kuuza.

Hatari kubwa ya mnunuzi haiko hata kwa polisi. Iko kwa tapeli. Mtu anayejifanya ana mkataba wa kuuza anachukua fedha na kutoweka, au anatoa karatasi ya kughushi. Aliyeibiwa angekwenda kushtaki nini? Angeanza kwa kukiri kwamba alikuwa ananunua kisichouzwa. Ukimya huo ndio mtaji wa matapeli, na wanaujua vizuri.

Kwa nini mgeni ndiye anayebanwa

Mkazi wa Stockholm aliyezaliwa hapo ana sehemu ya kusubiria. Anakaa kwa wazazi, analala kwenye kochi la rafiki, anapanga mkono wa pili kwa shangazi. Mgeni hana kochi. Lakini tatizo lake halikomei kwenye kulala.

Uswidi ni nchi ya usajili. Anwani yako iko kwenye daftari la mamlaka ya kodi za serikali (si kodi ya nyumba), na barua za serikali, za hospitali na za shule zinakwenda huko. Ukipanga kwa siri, mwenye mkataba atakukataza kujisajili hapo kwa sababu mwenye nyumba atajua. Matokeo yake kukazuka soko la anwani: unalala kitongoji cha Rinkeby, umesajiliwa mahali pengine kwa malipo. Tangu mwaka 2018 kutoa taarifa ya uongo ya makazi kunaweza kuwa kosa la jinai nako, hivyo mtu aliyeanza na tatizo la chumba anaishia na tatizo la pili zito zaidi.

Halafu kuna familia. Anayetaka kumleta mke, mume au watoto kutoka Bujumbura au Goma mara nyingi hutakiwa kuthibitisha kwamba ana kipato cha kutosha na nyumba yenye ukubwa wa kutosha. Vyumba vinahesabiwa, watoto wawili wanaweza kuwekwa chumba kimoja. Chumba cha kujibanza kwa mtu hakihesabiki. Nafikiri hapa ndipo mtu mzima mwenye akili timamu, asiyewahi kuiba sindano, anapoanza kusikiliza maneno ya dalali. Foleni inamwambia asubiri miaka kumi. Mwanawe ana miaka sita.

Sisemi hili kumhalalisha. Nalisema kwa sababu ukiongea kuhusu ulanguzi huu kana kwamba wanunuzi wote ni matajiri wanaotaka kukaa karibu na migahawa, utakuwa umeongelea nusu tu.

Haki iko wapi

Watu wanaobishana kuhusu hili mara nyingi wanabishana kuhusu vipimo tofauti vya haki bila kujua. Kitu kikiwa kichache, unaweza kukigawa kwa fedha, kwa shida ya mtu, kwa kujuana, au kwa muda wa kusubiri. Stockholm imechagua muda. Foleni ya manispaa, iliyoanzishwa mwaka 1947, iko wazi kwa yeyote aliyetimiza miaka 18. Haiulizi baba yako ni nani. Haiulizi hata kama wewe ni maskini, na hapo kuna uvumi mwingine: fleti hizi si nyumba za watu wa kipato cha chini. Uswidi iliamua nyumba za kupanga ziwe za wote, mwalimu na mkurugenzi mlango mmoja. Wapo wanaopewa kipaumbele kwa ugonjwa au shida kubwa, lakini ni wachache. Na wenye nyumba wengi huweka masharti ya kipato, kwa hiyo asiye na ajira ya kudumu anaweza kusubiri miaka yote, akafika mbele, akakataliwa.

Muda unaonekana ni sarafu ya haki kuliko zote kwa sababu kila mtu anapewa saa 24. Lakini si kila mtu ameanza kuhesabu siku moja. Kijana wa Stockholm aliyesajiliwa na mama yake siku aliyotimiza miaka 18 ana miaka 12 ya foleni akifika 30. Aliyetua Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm, akiwa na miaka 34 anaanza sifuri, na wastani wa kusubiri katika eneo la jiji ni karibu miaka kumi. Katikati ya jiji unaweza kukaribia ishirini. Kanuni ni moja kwa wote wawili, na bado mmoja wao ameachwa mbali.

Pamoja na hayo, siwezi kumtetea muuzaji wa mkataba, na sababu yangu haihusu wingi wa fedha anazochukua. Lile pengo la kronor 6,000 halikutokana na kazi yake. Lilitokana na makubaliano ya jamii nzima kwamba mtu anayeishi kwenye nyumba asikamuliwe kwa sababu ya uhaba. Punguzo lilikuwa la anayeishi humo. Anapoondoka, punguzo linatakiwa limfuate mpangaji mwingine, na mtu wa kwanza kwenye foleni ndiye aliyeahidiwa. Muuzaji anachukua ahadi iliyotolewa kwa wengine na kuibadilisha kuwa fedha zake. Mpangaji anayefuata ataishi kwa kodi nafuu kwenye karatasi, huku amekwisha kulipa tofauti yote mbele kwa mtu asiye mwenye nyumba, na bila risiti.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo inanifanya nitulie kidogo. Mjane wa miaka 75 anaishi peke yake kwenye vyumba vinne, kodi nafuu, katikati ya jiji. Angependa kuhamia fleti ndogo yenye lifti. Lakini fleti ndogo zinazopatikana ni mpya, na kodi yake ni kubwa kuliko ya vyumba vyake vinne vya zamani. Anabaki. Familia ya watu watano inabanana kitongojini. Wanauchumi wanasema: laiti angeruhusiwa kupokea fedha za kuachia mkataba, angehama, na nyumba ingepata watu wanaoihitaji. Hoja hii ina ukweli. Ila angalia nani angempa fedha hizo. Ile familia ya watano haina laki tatu. Atakayekuja na fedha ni mwenye fedha.

Mumbai walichagua njia ya kuhalalisha. Sheria ya jimbo la Maharashtra ya mwaka 1999 inamruhusu mpangaji wa zamani kupokea malipo ya kuachia nafasi, na kwa desturi mwenye nyumba hupata fungu lake. Giza limepungua, mkataba unauzwa mchana. Lakini kodi yenyewe imebaki ndogo mno, na majengo mengi ya zamani yamechakaa kwa sababu hakuna anayeona faida ya kuyatunza. Ufini, jirani wa Uswidi, iliondoa udhibiti wa kodi kwa hatua katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Hapo biashara ya mikataba haina maana tena: nani atanunua pengo ambalo halipo? Fleti ya kupanga Helsinki inapatikana bila kungoja miaka kumi, kwa yule anayeweza kuilipia.

Uswidi kwenyewe jambo hili ni moto. Juni 2021, Waziri Mkuu Stefan Löfven aliangushwa bungeni kwa kura ya kutokuwa na imani, wa kwanza katika historia ya nchi hiyo, na cheche ilikuwa pendekezo la kuruhusu kodi huria kwa fleti mpya. Chama cha Kushoto kilichokuwa kikimbeba kiliondoa mkono. Alirudi madarakani wiki chache baadaye, pendekezo likiwa limezikwa. Mtu asiyejua habari ya pengo hawezi kuelewa kwa nini serikali ianguke kwa kodi ya nyumba ambazo hazijajengwa. Anayeijua anaelewa mara moja: mamilioni ya watu wanaishi ndani ya pengo hilo, na waliogopa kwamba mlango ukishafunguliwa kwa fleti mpya, za zamani zitafuata.

Kinachosahaulika katika kelele hizi ni idadi ya nyumba zenyewe. Kati ya mwaka 1965 na 1974 Uswidi ilijenga makazi yapatayo milioni moja. Ilifika wakati baadhi ya vitongoji vilikuwa na fleti tupu, na fleti tupu haina mlanguzi. Baadaye ujenzi ulipungua, watu wa Stockholm wakaongezeka, na maelfu ya fleti za kupanga zikauziwa wapangaji wake na kugeuka mali binafsi, kwa hiyo zikatoka kwenye foleni moja kwa moja. Jela ya miaka minne inaweza kumtisha Erik. Haiongezi hata fleti moja. Mimi naiunga mkono sheria ya 2019 kwa sababu inamlinda aliye kwenye foleni, lakini nachelea kwamba ni rahisi mno kwa viongozi kukaza adhabu na kuhesabu kazi imekwisha, wakati yule baba anayetaka kumleta mwanawe kutoka Goma bado anaangalia kalenda.

Kwa aliyeko huko sasa, au anayejiandaa kwenda, mambo machache ya kushika. Ukipanga mkono wa pili, omba kuona ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba kabla ya kutoa senti. Ukitozwa kupita kiasi, baraza la upangaji linasikiliza madai ya kurudishiwa, hata kama mkataba ulisaini mwenyewe. Angalia pia nje ya Stockholm. Miji midogo ya kaskazini na ya kati ina foleni fupi zaidi. Na jisajili kwenye foleni siku unayofika, hata kama una pa kulala, kisha ulipe ada ndogo ya kila mwaka bila kusahau. Ada isipolipwa, jina huondolewa na siku zote ulizokusanya hufutwa.